Farasi, Siyo Nyoka

"Miaka thelathini na sita na miezi miwili," alisema Subodh Khadka, wakala wa viza, akaifunga pasipoti na kuiweka kalamu juu yake. "Ukomo ni thelathini na mitano. Basi tena."

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viungo, katika barabara kuu ya Rockdale, mtaa wa Sydney, na harufu ya bizari ilipanda ngazi pamoja na wateja. Junkiri Gurung alikuwa bado na sare ya nyumba ya wazee. Zamu ilimalizika saa tisa na hakupata nafasi ya kubadilisha nguo. Mumewe, Resham, alikaa pembeni yake na bahasha mapajani. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya chuo inayothibitisha kwamba Junkiri amemaliza shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, cheti cha polisi, bima ya afya, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Kila kilichotakiwa kwa viza ya kazi ya wahitimu kilikuwemo. Kilichokosekana hakikuweza kutiwa ndani ya bahasha.

"Tulisikia walioanza masomo kabla sheria haijabadilika hawahusiki," Resham alisema.

"Mlisikia wapi?"

"Watu wanasema."

"Watu." Subodh alicheka kwa pua. "Hawa wanaokula momo za nyama hapo chini? Kaka, mlipofika ukomo ulikuwa hamsini. Ukashushwa. Serikali haiulizi ulianza lini kusoma. Inauliza siku unayoomba una miaka mingapi."

Alizungumza na Resham tu, ingawa kwenye karatasi zote mwombaji alikuwa Junkiri. Resham na binti yao Prapti waliandikwa chini yake, wategemezi. Kwa miaka mitatu na nusu Resham alikuwa akiendesha mashine ya kubebea mizigo ghalani usiku ili mkewe asome mchana, na kila fomu aliyotia sahihi ilimwita tegemezi. Hakuwahi kulalamika. Lakini wakala alipomwita kaka na kumgeuzia mkewe bega, alijiona kama mtu anayepokea heshima ya wizi.

"Ipo njia," Subodh aliendelea, akatoa kijitabu chenye picha ya vijana wanaocheka. "Stashahada ya uongozi, miaka miwili. Dola elfu kumi na moja. Dada anaandikishwa wiki hii, viza ya masomo inaongezwa, mnabaki."

"Nina shahada mbili," Junkiri alisema. "Nikasome uongozi nimwongoze nani?"

"Si lazima usome, dada. Lazima ulipe."

Viza yao ya masomo ilikuwa imebakiza wiki tano. Katika nyumba ya wazee, ambako Junkiri aliosha na kuvisha watu kwa miaka mitatu, meneja alikuwa amemwekea nafasi ya kazi ya kudumu: mshauri wa familia za wazee, kazi aliyoisomea. Ilingoja viza. Ndiyo ngazi ya kwanza. Juu yake, miaka miwili mitatu ya kazi, kisha ukaazi wa kudumu. Sasa mtu aliyepaka nywele rangi, anayemzidi miaka kumi, alikuwa anamwambia amezeeka. Kuambiwa hujui, hilo mtu hulimeza, kesho akasoma. Kuambiwa umezeeka mbele ya mumeo, na wewe umevaa sare iliyomwagikiwa supu ya mzee wa miaka tisini, hilo halimezeki.

"Na kukuona tu ni dola ngapi?" Junkiri aliuliza.

"Dola mia moja na hamsini. Mkijiandikisha na chuo nilichowaonyesha, hiyo naisamehe."

Resham alilipa. Hawakuchukua kijitabu.

*

Nyumbani Bi. Manmaya, mama yake Resham, alikuwa amesonga ugali wa wimbi na kupika dengu. Alikuwa amekuja kutoka Nepali kwa miezi mitatu kumlea Prapti wazazi wakiwa kazini. Alifungua madirisha yote kila alipopika, hata kwenye baridi ile ya Juni, kwa sababu king'ora cha moshi kiliwahi kumlilia siku ya pili akadhani ameunguza jengo zima.

"Wamewakatalia?" aliuliza.

"Hatujaomba bado, Mama," Resham alisema. "Tumekataliwa kabla ya kuomba."

Walikula. Prapti, mwenye miaka mitano, aliuliza kama kesho kuna shule, akaambiwa ipo, akarudi kwenye katuni zake. Watu wazima walibaki mezani na sahani zikikauka.

"Tukirudi, gari tutaliuza elfu sita," Resham alisema.

"Gari lile? Elfu nne, ukipata mlevi."

"Basi nne. Na amana ya nyumba tutarudishiwa."

"Na mimi nirudi kijijini nikafanye nini na ustawi wa jamii, Baba Prapti? Nimstawishe nani?"

"Sijui. Unaniuliza mimi kama nimetunga sheria."

"Sikuulizi. Naongea tu."

"Ungemaliza mwaka jana tusingekuwa hapa."

"Ningemaliza mwaka jana kama ningeanza mwaka mmoja nyuma. Na ningeanza mwaka mmoja nyuma kama harusi yetu isingekaa miezi minane inangoja." Junkiri alisema hivyo taratibu, bila kumtazama mtu, lakini kila mtu mezani alijua harusi ilingojea nini.

Resham alimgeukia mama yake. Alikuwa na hasira tangu Rockdale na hakuwa amepata pa kuimwaga.

"Kweli, Mama. Miezi minane. Kuhesabu wanyama. Chui na nani, nani na nani, mara huyu mganga hajui, mara twende kwa yule wa ng'ambo ya mto. Wenzetu walikuwa wanapanda ndege. Leo unaona matokeo."

Bi. Manmaya alikuwa anakusanya sahani. Alisimama nazo. Uso wake haukubadilika sana; alikuwa mwanamke aliyezoea kusemwa na watu waliokwenda shule. Kwa Wagurung kila mwaka una mnyama wake, wanyama kumi na wawili wanaopokezana, na mtu hubeba mnyama wa mwaka aliozaliwa mpaka kaburini. Mama gani angemwoza mwanawe bila kutazama?

"Nilihesabu vizuri," alisema. "Wewe chui, mkeo farasi. Hawagombani hao. Mmegombana?"

"Mama, hoja si hiyo. Mkwe wako ana miaka thelathini na sita. Inatakiwa thelathini na mitano."

"Nani ana thelathini na sita?"

"Junkiri."

"Nani kasema?"

"Pasipoti imesema. Serikali imesema. Yeye mwenyewe amesema."

Bi. Manmaya aliweka sahani chini. Alinyoosha mkono wa kushoto na kuanza kupitisha kidole gumba kwenye pingili za vidole, midomo ikicheza.

"Mwaka huu ni wa nani?" aliuliza.

"Mama, tafadhali."

"Nakuuliza. Mwaka huu ni wa nani?"

"Nyoka," Resham alisema kwa kuchoka.

"Nyoka. Mtu akitimiza miaka kumi na miwili mnyama wake anamrudia. Ishirini na nne, anamrudia. Thelathini na sita, anamrudia. Anayetimiza thelathini na sita mwaka huu wa nyoka ni nyoka. Siyo farasi." Alimtazama Junkiri kutoka juu hadi chini, kana kwamba anamkagua upya. "Nyoka na chui? Mimi? Nisingekubali hata wangenilipia. Huyu si nyoka."

Junkiri alitaka kucheka, kisha akaacha.

"Mama, wewe ulijuaje mimi ni farasi?"

"Mama yako aliniambia. Akasema ulizaliwa siku sita kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya serikali, watu wanapaka nyumba chokaa, na mkunga alikuja na chokaa mikononi. Farasi. Mwaka wa wanyama ulikuwa umeshageuka miezi mitatu nyuma. Nilimuuliza mara mbili. Nikamuuliza na mkunga."

"Ulimtafuta mkunga?"

"Miezi minane mwanangu, unadhani nilikuwa nafanya nini?"

Resham alikuwa ameshanyanyuka. Aliingia chumbani, akarudi na faili la nyaraka, akatoa cheti cha uraia cha mkewe kutoka kwenye nailoni. Kilikuwa na pande mbili. Upande wa pili, wa Kiingereza, ndio uliojulikana na kila mtu. Huo ndio uliozaa pasipoti, na pasipoti ikazaa fomu za chuo, viza, benki, leseni, kadi ya hospitali. Nane Aprili 1989. Upande wa mbele ulikuwa kwa maandishi yao, kwa kalenda yao ya Nepali, iliyoitangulia ile ya Kizungu kwa zaidi ya miaka hamsini. Walikuwa hawajautazama tangu walipotua.

Mwaka 2046, mwezi wa kumi na mbili, tarehe ishirini na tano.

Resham aliingiza tarehe hiyo kwenye simu, kwenye programu ya kubadilisha kalenda. Akaitazama. Akafuta, akaingiza tena, tarakimu moja moja, akitamka kila moja kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Inasemaje hiyo simu?" Bi. Manmaya aliuliza.

"Nane Aprili, elfu moja mia tisa na tisini," Resham alisema. Kisha akakaa kwenye kiti. "Inasema farasi, Mama."

Kosa lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu. Mwaka wa Nepali huanza katikati ya Aprili, kwa hiyo ukitaka mwaka wa Kizungu unatoa hamsini na saba. Lakini kwa wale wa miezi ya mwisho, waliozaliwa wakati Wazungu wameshavuka mwaka wao, unatoa hamsini na sita. Karani mmoja, miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa na foleni ya wanakijiji mlangoni, alitoa hamsini na saba kwa kila mtu. Junkiri alikuwa na miaka kumi na sita. Alipewa cheti, akakipokea kwa mikono miwili, akainama.

Je, mtu anaweza kutojua umri wake mwenyewe? Anaweza. Kijijini hakuna aliyewahi kumuuliza kwa kalenda ya Kizungu, na Sydney hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nyingine. Alikuwa ameiandika tarehe ile mara nyingi mno hata mkono wake ukaiamini, na kichwa kikaufuata mkono.

"Mwaka mzima," Junkiri alisema. "Nimetembea na mwaka mzima usio wangu."

"Na kunyanzi zake?" Resham aliuliza.

"Kunyanzi ni zako wewe na mama yako."

Bi. Manmaya alichukua sahani zake, akaenda kuziosha.

*

"Kila anayetimiza thelathini na sita huja hapa kugundua ana thelathini na mitano," Subodh Khadka alisema asubuhi iliyofuata, akimtazama Resham. "Kaka, mimi nimeona vyeti vya ajabu. Nimeona mtu mdogo kuliko mwanawe."

"Zungumza na mimi," Junkiri alisema.

"Naam?"

"Mwombaji ni mimi. Jina kwenye fomu ni langu na umri ni wangu. Zungumza na mimi."

Resham alisogeza kiti chake nyuma kidogo, kwa makusudi, miguu ya kiti ikalia sakafuni. Subodh alikohoa. Junkiri akamgeuzia cheti upande wa mbele na kuweka kidole chini ya mstari.

"Mnepali mwenzangu, soma. Hiki kimetolewa miaka kumi na tisa iliyopita. Miaka kumi na tisa iliyopita ningejuaje kwamba leo nitahitaji kuwa mdogo? Na hiki cheti cha shule. Tarehe ileile."

Wakala alisoma. Aligeuza, akageuza tena. Alifungua droo, akatoa kikotoo, akaona aibu, akakirudisha na kuhesabu kwa mdomo. Rangi ya masikio yake ilibadilika.

"Nimejaza fomu zaidi ya elfu moja," alisema mwishowe, kwa sauti nyingine kabisa. "Nanakili kutoka pasipoti. Upande huu siutazami." Akakigusa tena cheti. "Dada, kuna walionijia na umri kama huu, wakaondoka nchini."

Hilo lilikuwa deni lake.

Kisha akaeleza, safari hii akimtazama Junkiri. Asiombe kwanza. Akiomba kwa pasipoti ya zamani atakataliwa kwa umri. Akiandika tarehe mpya bila uthibitisho ataonekana mwongo, na aliyeonekana mwongo hufungiwa mlango kwa miaka, yeye na wategemezi wake. Ipatikane barua ya ofisi ya wilaya iliyotoa cheti, ikikiri tarehe sahihi. Kwa barua hiyo, pasipoti mpya ubalozini. Kwa pasipoti hiyo, maombi, na maelezo ya kosa toka mwanzo. Wiki tano.

"Inawezekana?" Resham aliuliza.

Subodh alimtazama Junkiri kabla ya kujibu. "Inawezekana, kama huko nyumbani kuna mtu asiyekubali kuambiwa rudi kesho."

"Yupo," Junkiri alisema. "Na leo unatutoza dola ngapi?"

"Leo hapana, dada."

*

Mdogo wake Junkiri, Dhanjit, alikuwa fundi wa pikipiki na alikuwa na subira ya spana. Siku ya kwanza kwenye ofisi ya wilaya, huko Nepali, aliambiwa arudi kesho. Akakaa benchi la nje mpaka ofisi ilipofungwa, ili wamwone wanapotoka. Siku ya pili aliambiwa mhusika aje mwenyewe. Dhanjit akasema mhusika yuko Australia, akaambiwa basi akitoka huko aje. Akakaa tena. Siku ya tatu alipiga simu ya picha na kuigeuza kwa ofisa, mwanamume wa makamo mwenye koti la sufu na glasi ya chai.

"Wewe ndiye Junkiri?"

"Ndimi, mheshimiwa."

"Miaka kumi na tisa hukuona kosa?"

"Niliona karatasi yenye muhuri wenu, mheshimiwa. Ninyi mlikuwa serikali. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimeshuka mlima kwa mwendo wa saa nne. Ningemwambia nani kwamba serikali haijui hesabu ya kutoa?"

Ofisa alikunywa chai kidogo.

"Aliyeandika hiki cheti alistaafu," alisema.

"Namtakia afya njema. Mimi ndiyo kwanza nataka kuanza kazi."

Ofisa aliweka glasi chini, akaagiza daftari kubwa la mwaka ule. Likaletwa, likapanguswa. Alipitisha kidole, akasimama, akasoma kwa sauti tarehe ya kuzaliwa iliyosajiliwa na babake Junkiri. Ilikuwa ileile ya upande wa mbele. Kidole kikashuka mstari wa chini yake, na wa chini yake tena.

"Hawa wote wa mwezi wa kumi na mbili," alisema, karibu kujisemea. Kisha akapaza sauti kumwita mtu wa kupiga chapa.

Barua ilipatikana saa kumi jioni, na Dhanjit akaipiga picha juu ya tangi la pikipiki kabla hata wino wa muhuri haujakauka.

*

Pasipoti mpya ilifika zikiwa zimebaki siku tisa viza iishe. Junkiri alituma maombi siku hiyohiyo, mchana, mezani pale walipokula ugali, Subodh akiwa kwenye simu akisoma kila kisanduku mara mbili. Ada ilizidi dola elfu mbili na iliondoka benki kwa kubofya mara moja. Wakapewa kibali cha kukaa wakingoja jibu. Kisha hakukuwa na la kufanya.

Kungoja kuna kazi zake. Resham alijifunza kutofungua barua pepe kila saa, akashindwa, akaifuta programu kwenye simu, akairudisha. Junkiri aliendelea kuwaosha wazee. Meneja alimuuliza mara moja tu, koridoni, kama kuna habari, na alipoambiwa bado akasema nafasi ataishikilia mpaka Septemba.

Katikati ya Julai muda wa Bi. Manmaya uliisha. Siku ya kuondoka Resham alipima begi lake kwa mizani ndogo ya mkono, sebuleni.

"Mama, siku ile nilikosea."

"Ulikosea. Limezidi ngapi?"

"Kilo mbili. Nilikusema mbele ya mke wangu."

"Ulinisema. Toa ile sabuni, na zile chokoleti za dada yako, ni mnene tayari." Akakaa juu ya begi ili mwanawe alifunge zipu. "Mimi sikwenda shule, Resham. Lakini nikihesabu huwa sikimbilii basi."

Junkiri alimfunga mama mkwe skafu shingoni kabla ya kutoka, akainama kumgusa miguu. Bi. Manmaya alimshika kichwa kwa mikono miwili na kukaa naye hivyo muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

*

Jibu lilikuja Jumanne moja ya Agosti, saa nne na dakika kumi asubuhi. Junkiri alikuwa akimfunga vifungo mzee mmoja aliyekuwa mhandisi wa reli. Simu ilitetema mfukoni. Alimaliza vifungo vitatu vilivyobaki, akamketisha, akamwekea blanketi magotini, ndipo akasoma. Alisoma neno la kwanza lililokuwa na maana, akaona halitoshi, akasoma barua yote mpaka namba za simu za chini kabisa.

"Ni habari mbaya?" mzee aliuliza.

"Hapana."

"Mbona unalia basi?"

"Nimepewa kibali."

"Cha nini?"

"Cha kukufunga vifungo," alisema, na mzee akaona ni jibu la kuridhisha.

Alimpigia Resham. Resham alikuwa amelala, ametoka ghalani alfajiri. Alipokea na sauti nzito, akasikiliza. Kisha Junkiri akasikia mlio wa maji, mumewe akinawa uso. "Rudia," Resham alisema. "Sasa nimeamka. Rudia taratibu." Akarudia. Baada ya hapo Resham alimpigia mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alimsikia Bi. Manmaya akishindwa kuhesabu kitu: alitaka kujua binti yao atakuwa na miaka mingapi viza ikiisha, akaanza na pingili, akapotea, akasema basi, Mungu anajua.

Mchana uleule meneja alimwita Junkiri ofisini. Mkataba ulikuwa mezani, kurasa sita, mshahara wa mwaka umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Meneja alikuwa mwanamke mwenye haraka, na simu zake mbili zilikuwa zinaita. Alichukua kalamu kujaza ukurasa wa kwanza.

"Jina tunalo. Tarehe ya kuzaliwa?"

Junkiri alikuwa hajawahi kuitamka kwa mtu asiyekuwa na muhuri.

"Nane Aprili," alisema. "Elfu moja mia tisa na tisini."

Meneja aliandika bila kuinua macho.

"Anwani?"